Mtoto asiyeona asisubiri darasa la kwanza ndipo aanze kufundishwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasemee watoto ambao hawawezi kujisemea, kwa kuwa wengi wao hawajaanza hata kutamka neno. Kila Oktoba, inapofika Siku ya Kuona Duniani na kisha Siku ya Fimbo Nyeupe tarehe 15, tunasikia hotuba nyingi kuhusu upasuaji wa macho, miwani, vitabu vya nukta nundu (maandishi yanayosomwa kwa vidole) na ajira za watu wasioona. Hayo yote ni ya haki na ninayaunga mkono. Lakini mtoto wa miezi minane aliyelazwa chali kwenye mkeka kijijini, ambaye daktari amekwisha kumweleza mama yake kwamba haoni na hataona, hatajwi katika hotuba hizo. Mfumo wetu wa elimu unamsubiri afikishe miaka mitano ili aingie darasa la awali, na kwa kweli mara nyingi unampokea akiwa na miaka saba, minane au zaidi. Mimi ni mwalimu wa elimu maalumu, na ninachotaka kusema ni kimoja: mtoto huyo anapaswa kuanza kufundishwa mara tu inapothibitika kwamba haoni, nyumbani kwao, mwalimu wake wa kwanza akiwa mama yake au yeyote anayemlea, na Serikali iwe na mtu anayelipwa kwenda kumwelekeza mlezi huyo namna ya kufanya.

Wengi hudhani kwamba kutoona ni tatizo la macho peke yake, na kwamba mengine yote yatakua kwa wakati wake. Sivyo. Mtoto anayeona akilazwa kifudifudi huinua kichwa kwa sababu kuna uso wa mama mbele yake, kuna kuku anapita, kuna mwanga mlangoni. Kwa kuinua kichwa mara kwa mara shingo hupata nguvu, halafu mabega, halafu mgongo. Huona kijiko, akakitamani, akanyoosha mkono, na akikikosa hujivuta kukifuata, na huko ndiko kutambaa kunakoanzia. Asiyeona hana kinachomwita. Akilazwa kifudifudi hulia, mama humhurumia na kumgeuza chali, naye huzoea kulala chali hivyo hivyo mwezi baada ya mwezi. Sauti nayo haimsaidii mapema kama tunavyodhani. Watafiti waliowafuatilia watoto waliozaliwa bila kuona, akiwamo Selma Fraiberg wa Marekani katika miaka ya 1960 na 1970, walibaini kwamba watoto hao huanza kunyoosha mkono kukifuata kitu wanachokisikia tu wanapokaribia kutimiza mwaka mmoja, ilhali anayeona hukifuata kitu anachokiona akiwa na miezi mitano hivi. Kabla ya kufikia hapo, kichezeo kikimponyoka mtoto asiyeona, kwake yeye hakipo tena, hata kama kimelala karibu na goti lake na bado kinalia. Mtoto asiyejua kwamba kuna kitu mbele yake hana sababu ya kutambaa, na ndiyo maana wengi wao huweza kukaa na hata kusimama vizuri, lakini hawaondoki walipo.

Lipo jambo moja ambalo ningependa kila muuguzi wa wodi ya wazazi na wa kliniki ya mama na mtoto alijue. Mtoto asiyeona akisikia sauti ya mama yake, mara nyingi hachangamki kwa namna tuliyoizoea. Hutulia, huacha kurusha miguu, na pengine hugeuza uso pembeni, kwa sababu anasikiliza. Mama anayetazama uso ule huona mtoto asiyemjali. Hakosi mtu wa kumwambia kwamba mwanawe ni zezeta, basi taratibu huanza kumsemesha kidogo, humnyanyua anapohitaji kunyonya au kubadilishwa nguo, na muda mwingine wote humwacha alale kwa kuwa “hasumbui”. Niliwahi kuketi na mama mmoja kijana mwenye hali hiyo, nikamwomba aimbe wimbo wowote anaomwimbia mtoto, lakini asimtazame usoni, atazame vidole. Uso wa mtoto haukubadilika. Vidole vya mikono vilifunguka na kufumba kila alipoanza ubeti, na vya miguu vikajikunja. Aliponyamaza, navyo vikatulia. Mama yule aliurudia wimbo ule mpaka sauti ikamkauka. Hapakuwa na kifaa chochote pale, wala fedha iliyotumika, isipokuwa nauli ya mtu aliyejua aangalie wapi.

Kukosekana kwa mtu wa namna hiyo kuna gharama, na sisi walimu wa darasa la kwanza ndio tunaoikuta. Nilipofundisha katika shule ya bweni nilipokea watoto wenye akili timamu na masikio makali ambao hawakuwa wamewahi kutafuna chakula kigumu, kwa sababu nyumbani walilishwa uji na viazi vilivyopondwa tangu walipoachishwa ziwa. Wengine hawakujua kushika kijiko wala kwenda chooni, na kulikuwa na waliotembea kwa ncha za vidole huku wamekaza mwili mzima, kwa sababu ardhi ilikuwa ngeni kwao. Wapo waliobonyeza macho kwa ngumi kutwa nzima mpaka macho yakatumbukia ndani. Mtoto mmoja alijua kutaja ng’ombe, mbuzi, mti na mto, akiyasema majina hayo kwa ufasaha kama alivyoyasikia redioni, lakini tulipompeleka zizini akagusa ubavu wa ng’ombe aliuliza kama huo ni ukuta. Mtoto wa namna hiyo anatakiwa ajifunze nukta nundu, kazi inayohitaji vidole vyepesi vilivyozoea kupapasa, kulinganisha na kutofautisha, ilhali vidole vyake vimekaa bila kazi kwa miaka saba. Mwaka wake wa kwanza shuleni huishia katika mambo ambayo angeyapata kwao kabla ya kutimiza miaka mitatu. Halafu matokeo yakitoka mabaya, watu husema wasioona hawawezi masomo.

Mzazi anayesoma barua hii pengine anajiuliza mafunzo hayo ni ya namna gani. Hayahitaji chumba maalumu. Yanaanza na kumjulisha mtoto kwamba upo kabla ya kumnyanyua: taja jina lake, gusa bega lake, ngoja kidogo, ndipo umchukue, maana mtoto asiyeona anayenyanyuliwa ghafla na mikono asiyoijua hujifunza kuiogopa dunia. Mama avae bangili ile ile kila siku na baba asiache kumpa mtoto ndevu au saa yake aishike, ili ajue nani amekuja. Akikataa kulala kifudifudi kwenye mkeka, alazwe juu ya kifua cha mzazi aliyejinyoosha, ambapo sauti na joto la mwili vitampa sababu ya kuinua kichwa. Kumbeba mgongoni kwa kanga ni jambo jema sana kwake, kwa kuwa anaupata mwendo wa mama akitwanga, akifagia na akiinama kisimani. Ubaya huja pale mtoto wa miaka miwili na nusu anapokuwa bado anaishi mgongoni kwa kuogopewa asijikwae.

Kuhusu mikono, ninaomba nisikilizwe zaidi, kwa kuwa mikono ya mtoto huyu ndiyo itakayomsomea na kumtambulisha vitu maisha yake yote. Tuna tabia ya kuushika mkono wa mtoto kutoka juu na kuukandamiza kwenye kitu tunachotaka akijue. Mtoto huuvuta mkono wake, na akifanyiwa hivyo mara nyingi huanza kuikunja mikono na kuificha begani. Njia nzuri ni mlezi kuweka mkono wake chini ya mkono wa mtoto, wakakiendea kitu pamoja, huku mtoto akiwa huru kujiondoa wakati wowote anaotaka. Kijiko kimguse kwanza mkononi, kisha kigongwe polepole kwenye kikombe cha bati karibu na mkono huo huo, kisha kisogezwe kidogo, siku baada ya siku, mpaka aelewe kwamba kinacholia pale ndicho alichokuwa amekishika. Siku atakapokifuata mwenyewe kwa sauti tu, hatua kubwa sana itakuwa imepigwa, na kutambaa hakutakuwa mbali.

Lilli Nielsen, mwalimu wa Denmark aliyefanya kazi na watoto wasioona kwa miaka mingi, alibuni kijumba kidogo kisicho na sakafu, ambamo mtoto hulazwa akiwa amezungukwa na vitu vinavyoning’inia, na kila anapotikisa mkono au mguu hukutana na kitu kile kile mahali pale pale. Kwa kukutana navyo mara nyingi, hujua kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyevifanya vilie. Kwetu kijumba hicho hutengenezwa kwa boksi gumu au fremu ya mbao, kamba ya katani, kifuniko cha sufuria, gunzi, kichana, funguo na kibuyu kidogo chenye mbegu ndani. Ninasisitiza vitu halisi vya nyumbani kuliko vichezeo vya plastiki vinavyouzwa madukani, ambavyo vyote vina uso mmoja laini na harufu moja, na havimfundishi mtoto lolote kuhusu nyumba anamoishi.

Wala tusisahau kwamba wengi wa watoto tunaowaita vipofu wana uoni hafifu, si giza tupu. Hapa Tanzania jambo hili linawagusa sana watoto wenye ualbino, ambao makadirio yanayotajwa mara nyingi huwaweka kwenye mmoja katika kila watu 1,400. Karibu wote wana macho yanayochezacheza, yanayoumizwa na mwanga na yasiyoona mbali. Tumejitahidi kama taifa kuzungumzia usalama wao na ngozi zao, na tulipaswa kufanya hivyo. Macho yao tumeyaacha nyuma. Mtoto wa namna hii akikileta kitu mpaka kikagusa pua, wazazi humkataza wakiamini atayaharibu macho. Hayaharibiki. Hiyo ndiyo njia yake ya kuona, na akikatazwa hupoteza hamu ya kutazama kabisa. Apewe kofia yenye ukingo mpana, akae akiupa mgongo mlango au dirisha, maziwa ayanywee kwenye kikombe cheusi ili ayaone yalipo, na uji wa ulezi kwenye bakuli jeupe.

Lipo pia kundi la watoto ambao macho yao ni mazima lakini ubongo uliathirika, ama kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, ama kwa malaria kali iliyopanda kichwani, ama kwa homa ya uti wa mgongo. Hawa huwachanganya wazazi kwa kuwa asubuhi wanaonekana kuona na jioni hawaoni, au wanakiona kikombe chekundu kinachosogezwa na hawaioni sura ya mtu aliyetulia mbele yao. Kwao kitu kimoja chenye rangi kali, mbele ya kitambaa cheusi, mahali pasipo kelele, ni somo lenye faida kubwa, hasa likitolewa mapema wakati ubongo bado unajifunza kwa kasi.

Naomba nisieleweke kwamba ninawaondoa madaktari katika suala hili. Mboni yenye mng’ao mweupe kwa mtoto mchanga ni dharura, kwa sababu inaweza kuwa saratani ya jicho inayoua, au mtoto wa jicho, yaani ukungu kwenye lenzi ya jicho, ambao kama umeziba macho yote mawili unatakiwa uondolewe ndani ya wiki za mwanzo za maisha, kabla ubongo haujazoea kutopokea picha. Watoto wengi wetu hufikishwa hospitali za rufaa wakiwa wamechelewa kwa miaka. Hata hivyo, upasuaji peke yake haumfundishi mtoto kuona. Anahitaji miwani mizito ambayo ataivua na kuitupa, na anahitaji mtu wa kumwonyesha mama namna ya kumfanya aitake. Na pale ambapo matibabu hayapo, ndipo pengo linapoonekana wazi. Daktari huandika kwenye faili kwamba hakuna cha kufanya, humwambia mama amrudishe mtoto nyumbani, na tangu siku hiyo mpaka umri wa shule mtoto yule hayumo katika orodha ya mtu yeyote. Kwa daktari hakuna cha kufanya; kwa mwalimu ndiyo kwanza kazi inaanza, lakini mwalimu hana habari.

Sheria na mipango ya kuziba pengo hilo tunayo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na Ibara ya 26 ya mkataba huo inataka huduma za utengemao, yaani za kumwezesha mtu mwenye ulemavu kujimudu, zianze katika hatua ya mapema kabisa inayowezekana. Mwaka uliofuata tulitunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Desemba 2021 ilizinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayomhusu mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane, na Januari 2024 ukazinduliwa mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaopita kaya kwa kaya. Jirani zetu wa Kenya walianzisha vituo vya upimaji na rasilimali za elimu tangu 1984, wakisaidiwa na Denmark, na mzazi anaweza kumpeleka huko mtoto ambaye bado hajafikia umri wa shule. Marekani ilirekebisha sheria yake mwaka 1986 ili mtoto mwenye ulemavu ahudumiwe tangu kuzaliwa hadi miaka mitatu, familia yake ikiwa sehemu ya mpango wa huduma hiyo. Sisi tuna shule za wasioona tangu ile ya Buigiri, Dodoma, ilipoanzishwa mwaka 1950, na tuna chuo cha Patandi kinachotoa walimu wa elimu maalumu. Ninachokiona kinakosekana ni daraja kati ya hospitali na mwalimu.

Ninaomba basi Wizara ya Afya, Wizara ya Elimu na TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, zikae pamoja na kutoa waraka mmoja. Kliniki ya macho inapothibitisha kwamba mtoto wa chini ya miaka mitano haoni au ana uoni hafifu, jina lake, kwa ridhaa ya mzazi, lipelekwe kwa afisa wa elimu maalumu wa halmashauri anakoishi, naye amtume mwalimu katika muda usiozidi mwezi mmoja. Mwalimu huyo ahesabiwe ziara za nyumbani kama vipindi, apewe pikipiki na mafuta, na asionekane mtoro kwa sababu hayupo darasani. Wapo wenzangu wanaofanya ziara hizi kwa hiari, Jumamosi na kwa nauli zao, na hilo si jambo la kujivunia kama nchi. Mafunzo yetu ya ualimu nayo yaongezewe uzito wa miaka mitatu ya mwanzo, kwa kuwa wengi wetu tuliandaliwa kusimama mbele ya ubao na hatukuandaliwa kukaa kwenye mkeka.

Katika kliniki ya mama na mtoto kinachohitajika ni kidogo zaidi. Mtoto huja kuchanjwa akiwa na wiki 6, 10 na 14, kisha miezi 9 na miezi 18. Muuguzi amulike mboni kwa kurunzi ya kupimia macho, na katika ziara ya wiki ya 14 amuulize mama swali moja: mtoto anakutazama usoni na kukufuata ukisogea? Jibu liandikwe kwenye kadi pale pale pamoja na uzito. Likiwa hapana, rufaa itolewe siku hiyo hiyo. Mhudumu wa afya wa kijiji afundishwe mambo matano au sita kati ya haya niliyoyaeleza, kwa kuwa yeye ndiye atakayeifikia nyumba ambayo mtoto amefichwa chumba cha nyuma kwa aibu au kwa hofu ya maneno ya majirani. Katika nyumba za namna hiyo baba naye aitwe na akalishwe kwenye mkeka pamoja na mama, kwa sababu nimeona ndoa nyingi zikivunjika katika mwaka wa kwanza wa mtoto kama huyu, na mama anayelaumiwa usiku hawezi kumwimbia mtoto mchana.

Najua nitajibiwa kuhusu fedha. Mwanafunzi wa bweni analishwa, analazwa na kuangaliwa kwa miaka mingi, na akifika hajui kula wala kutembea anaongeza mwaka na anahitaji mlezi wake peke yake. Mtoto aliyeandaliwa nyumbani huweza kusoma katika shule ya karibu pamoja na ndugu zake, akiwa na mwalimu mmoja mwenye ujuzi na vitabu vyake vya nukta nundu. Sijaona bajeti inayolinganisha njia hizi mbili, na ningefurahi wabunge wa Kamati ya Bunge inayoshughulikia elimu wangeiomba Wizara iwaletee hesabu hiyo kabla ya bajeti ijayo kupitishwa.

Wakati tukisubiri waraka huo, mzazi yeyote aliyeambiwa kwamba mwanawe haoni asikae nyumbani. Aende ofisi ya elimu ya halmashauri yake, amtaje mtoto kwa jina na umri hata kama ana miezi miwili, na aombe mwalimu wa elimu maalumu. Akiambiwa arudi mtoto akifikisha umri wa shule, aombe jibu hilo kwa maandishi.

Wako,

Mwalimu wa elimu maalumu,
Morogoro